Nusu Mili Niliyompa Mama Zawadi

Kosa ni langu. Naanza hivyo kabisa ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia sababu. Sababu ninazo nyingi, nimezitunga mwenyewe na kuziamini mwenyewe, na hakuna hata moja inayosimama.

Mimi ni Mtanzania, naishi ughaibuni, mji wa Euless jirani na Fort Worth. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kliniki, upande wa bili. Hapo kwenye bili naomba unisikie vizuri. Kutwa nzima nakaa mbele ya kompyuta nikigombana na kampuni za bima. Sijawahi kumchoma mgonjwa sindano kazini. Lakini Waswahili wenzangu huku walishazoea kuniita dada wa hospitali, na mimi sikuwasahihisha. Mtu akiniuliza dawa ya kikohozi, najibu. Akiniuliza habari za figo, najibu vilevile, tena kwa sauti ya kujiamini. Sifa tamu jamani, nani anaitema?

Rafiki yangu mmoja wa Houston ndiye aliyenijulisha habari za peptidi. Hizi ni dawa za kujidunga za kupunguza mwili. Hospitali bei yake inaua, ila mtandaoni zinakuja kwenye vichupa vidogo zikiwa unga mkavu. Unatia maji yake maalumu, unazungusha polepole mpaka unga uyeyuke, unavuta kwa ile sindano ndogo ya watu wa kisukari, unajichoma tumboni mara moja kwa wiki. Kwenye kichupa wameandika ni ya utafiti tu, si ya kutumiwa na binadamu. Nilisoma hayo maandishi. Nikajiambia wanaandika hivyo kukwepa kesi.

Hesabu rafiki huyo alinifundisha kwa simu, na nilijiona bingwa. Kichupa kina miligramu kumi za dawa. Ukitia mililita moja ya maji, basi zile miligramu kumi zote zimo ndani ya mililita moja. Sindano nayo ina mistari mia, na mia ndiyo mililita moja kamili. Kwa hiyo mistari kumi ni miligramu moja, na mistari mitano ni nusu miligramu. Wengine hutia maji zaidi ili mistari iwe mingi na rahisi kusoma. Mimi nilitia kidogo kwa sababu niliona ukichoma maji machache maumivu nayo yanakuwa machache.

Sasa sisi Waswahili tuna ugonjwa wa kukata maneno. Miligramu tunaita mili. Mililita tunaita mili. Hata fundi akipima ubao, milimita yake anaita mili. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tunaambiana, "Wiki hii nimepanda nusu mili," na tulielewana kwa sababu sote wawili tulijua tunaongelea miligramu. Haikunijia akilini kwamba mtu wa tatu hakuwepo kwenye hayo mazungumzo.

Mtu wa tatu nitamwita Mama Zawadi. Silo jina lake. Ni Mkongo, alikaa sana kambini kama mkimbizi kabla ya kuletwa Fort Worth, na alikuwa anafanya kazi ghalani, kufunga mizigo, kazi ya kusimama kutwa. Tunasali pamoja. Ananizidi umri kwa mbali lakini alikuwa akiniita dada, kwa heshima ya ile hospitali yangu ya bandia. Ni mtu wa utani. Nilipoanza kupungua alinishika kiuno mbele ya kanisa zima.

"Dada, hii mwili ulipeleka wapi?"

"Nimeuacha Euless," nikamjibu.

"Basi na miye nionyeshe njia ya Euless. Magoti inaniuma sana ku kazi. Munganga wa hospitali alisema nipunguze kilo, na sukari nayo iko inapanda."

Sukari. Alilitamka neno hilo mbele yangu, nikalisikia kwa masikio yangu mawili. Sikumuuliza anakunywa vidonge gani. Nilichowaza ni kwamba nimepata mteja wa kwanza wa elimu yangu, ingawa senti sikumdai, nataka hilo mlijue ingawa halinisaidii kitu.

Mwanzoni nilimchoma mwenyewe, nyumbani kwangu, baada ya ibada. Kidogo sana, mistari isiyofika hata mitatu. Hakudhurika. Alisema hamu ya chakula imepungua na mapigo ya moyo ni mazuri, tukacheka, tukapiga picha.

Kisha zamu yake ikabadilishwa, akawa anaingia kazini Jumapili. Nikampa kichupa nilichokwisha kuchanganya, nikampa na pakiti ya sindano, halafu nikamtumia ujumbe wa sauti: "Mama Zawadi, sasa tunapanda. Piga nusu mili, mara moja kwa wiki." Ujumbe mfupi, wa mtu anayejua anachosema.

Alinipigia simu nikiwa ofisini. Sikio moja lilikuwa kwake, la pili lilikuwa kwenye simu ya bima waliokuwa wananichezeshea muziki.

"Dada, niko naangalia hii sindano. Nusu mili inafika hapa katikati. Inaonekana mingi kupita ile ulikuwa unanitia."

"Si nimeshakwambia, Mama Zawadi? Nusu mili. Ile ya mwanzo ilikuwa ya kuonja, sasa ndiyo dawa yenyewe. Usiwe muoga."

"Miye siogope. Nauliza tu."

"Basi piga."

Akapiga. Mwanamke huyu amelea watoto kwa dawa za maji za homa, mili mbili asubuhi, mili mbili jioni. Kwake mili ni mililita, itakuwa nini kingine? Nusu yake ni nusu ya sindano. Nilitaka achome mistari mitano, yeye akachoma hamsini, na kabla ya kuchoma aliniuliza, na mimi nikamwambia asiwe muoga.

Zawadi, binti yake mkubwa, yuko sekondari. Ndiye aliyenipigia. "Auntie, Mom can't stop throwing up. She wants you, not the ambulance."

Nikaendesha gari mpaka Fort Worth nikiomba Mungu iwe ni chakula. Nilimkuta ameinamia ndoo, midomo imekauka, hawezi hata kumeza maji. Nikamuuliza alivuta dawa mpaka wapi. Akanionyesha kwa ukucha wa kidole gumba, katikati ya sindano. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto usoni: nilichukua kile kichupa mezani, nikakitia kwenye mkoba wangu.

Zawadi akabaki na wadogo zake. Mimi nikampeleka mama hospitali.

Nesi alikuja akisukuma kioo kilichofungwa kwenye mguu wa magurudumu. Humo ndani anatokea mkalimani wa Kiswahili, yuko huko aliko, anatafsiri. Nikamwambia nesi kwa Kiingereza changu kizuri, "No need. I'm her sister, I work in healthcare." Akafurahi, akakirudisha.

Daktari akaingia, akauliza shida ilianzaje. Mama Zawadi akanishika mkono.

"Mwambie nilipiga ile sindano ya kupunguza mwili. Nusu mili. Tangu pale ndio nikaanza kutapika."

Nikamgeukia daktari nikamwambia kwamba mgonjwa alikula samaki kwenye sherehe.

Usidhani sikuwa na akili wakati ule. Akili ilikuwa inakimbia kuliko siku zote. Niliona kazi yangu inaondoka. Niliona makaratasi yangu ya ukaazi, ambayo yalikuwa bado yanashughulikiwa, yanarudi na jibu baya. Niliona polisi. Mama Zawadi alikuwa amelala mbele yangu anakauka kama ubua, na mimi nilikuwa najionea huruma mimi.

Daktari hakuwa mjinga. Alitazama majibu ya sukari, ilikuwa imeshuka, akakunja uso. "Any injections? Anything for weight loss?" Akanitazama, akisubiri nitafsiri swali lake la sindano.

Nikamgeukia Mama Zawadi nikamuuliza, "Anasema, umeharisha?"

"Hapana," akasema, akatikisa kichwa.

Daktari alimwona akitikisa kichwa. Akaandika.

Walimtundikia dripu, wakampa dawa ya kuzuia kutapika, sukari ikapanda kidogo, akapata nguvu ya kukaa. Wakasema ni chakula kibaya. Arudi nyumbani, apumzike, aendelee na vidonge vyake vya sukari kama kawaida. Laiti wangejua kilichomo mwilini wangemzuia pale, maana ile dawa haitoki kwa siku moja, na vidonge vya kushusha sukari juu yake, kwa mtu asiyekula, ni kumsukuma shimoni. Mimi nilikuwa najua kilichomo. Nikamrudisha nyumbani, nikamnunulia na juisi njiani, nikajiona nimemhudumia.

Kesho yake Zawadi akapiga tena. Safari hii alikuwa analia kwamba mama anaweweseka. "She's talking crazy, Auntie. She's calling me by grandma's name." Walikuwa wameshaita gari la wagonjwa, na lilimpeleka hospitali nyingine.

Nilifika nikasimama nje ya pazia. Walikuwa wamemtilia sukari ya mshipani, fahamu zimerudi. Nikasikia sauti ya mwanamke nisiyemjua, inatoka kwenye kioo, Kiswahili safi kilichotulia.

"Mama, unasema nusu mili. Mili gani? Miligramu au mililita?"

"Mili tu. Dada alisema mili."

"Sawa mama. Nionyeshe kwenye sindano, ilifika wapi?"

Basi. Swali lenyewe ndilo hilo, halikuchukua hata muda wa kumeza mate. Mimi niliyejiita mtaalamu sikuwahi kulifikiria.

Nikaingia. Nikatoa kichupa kwenye mkoba, nikamkabidhi daktari, nikamweleza nilivyochanganya na mama alivyochoma. Sitaki sifa kwa hilo, mama alikuwa ameshasema yeye mwenyewe. Daktari huyu alikuwa mwingine, hakujua habari za jana. Hakuniuliza kuhusu jana. Na mimi sikuongeza.

Walimlaza mpaka dawa ilipopungua mwilini. Uhai ukabaki, lakini figo zilikuwa zimeumia kwa kukaukiwa na maji. Daktari wa figo alisema zinaweza kurudi akifuatiliwa kwa karibu, damu ipimwe, dawa zibadilishwe. Asipofuatiliwa, ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Ghalani nako hawakumsubiri, nafasi yake wakampa mtu.

Unajua alichoniambia alipotoka? Alinishika mikono yote miwili. "Dada, usijiue na mawazo. Ulikuwa unataka kunisaidia. Ni neno ilitupoteza sisi wote wawili." Akanisamehe kosa la mili, nikaupokea msamaha, nikaenda nao nyumbani kana kwamba ni wangu wote.

Halafu siku ya kwanza ya kliniki ya figo ikafika, hakwenda. Ya pili hakwenda. Zawadi akanibembeleza. "Please talk to her, Auntie. You're the only one she listens to."

Nikaenda. Alikuwa anachambua maharage, miguu imevimba, ameinyoosha kwenye kiti. Nikaanza kumhubiria umuhimu wa kliniki. Aliniacha nikamaliza.

"Siendi, dada. Ile siku ya kwanza si ulikuwa pale? Niliwaambia yote. Sindano niliwaambia, nusu mili niliwaambia, na wewe ukawatafsiria vizuri. Wakanirudisha nyumba juu ya samaki, ndivyo Zawadi alisoma ku karatasi yao, sijui samaki gani hata sikukula. Pale nilijua. Hawa banganga hawasikie mukimbizi. Kama ni kufa nife hapa kwangu, siyo mbele ya watu hawanisikie."

Nilijaribu njia ya mkato, nakiri na hilo. Nikasema madaktari wana wagonjwa wengi, wakati mwingine wanachanganya. Nikasema hospitali ile ya pili ni nzuri zaidi, akasema hata kule walimwamini kwa sababu mimi nilileta kichupa. Kila nilichosema kilizidi kumthibitishia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa upole, ananionea huruma mimi, eti nisijilaumu, nilifanya kazi yangu. Nikatazama ile miguu. Ile sindano alikwisha kunusurika nayo. Sasa kilichokuwa kinamuua ni uongo wangu, tena unamuua taratibu, na alikuwa amekaa nao mbele yangu anachambua maharage.

"Mama Zawadi, sikuwaambia."

"Hukuwaambia nini?"

"Sindano. Wewe ulisema, mimi sikusema. Habari ya samaki niliitunga mimi."

Mkono ukasimama juu ya sinia. Alinitazama bila hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe mahali.

"Lakini munganga aliniuliza kitu, nikakatala na kichwa. Aliuliza nini?"

Nilitamani aniulize chochote kingine duniani.

"Aliuliza kama umepiga sindano."

"Na wewe uliniuliza kama naharisha."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni miye mwenyewe," akasema polepole, "ni miye mwenyewe nilimwambia munganga hapana."

Nilipiga magoti. Nililia, nikaeleza kazi, nikaeleza makaratasi. Nilipomaliza akaita, "Zawadi, kuja," na binti akatoka chumbani.

"Pigia hôpital simu. Waambie ku kliniki ya figo nakuja, siku yoyote wanataka."

Kisha akainuka kwa shida, akanifungulia mlango. "Asanti kwa kuniambia, Madame," akasema.

Miaka yote aliniita dada. Madame ni jina analomwita mwenye ofisi, mtu anayemheshimu kwa sababu hana budi.

Anakwenda kliniki. Nasikia kwa watu kwamba vipimo vinapanda na kushuka, lakini mashine bado hajawekwa. Kanisani tukikutana ananisalimia vizuri kabisa. Hakumwambia mtu. Ningeona afadhali angesimama akanitangaza, maana huu ukimya wake nashindwa kuubeba, ndiyo maana nimekuja kwenu nisikojulikana.

Ndugu zangu, hizi dawa za kujichanganyia jikoni ziacheni. Kama daktari hajakuandikia, usijichome, na usimchome mwenzio ati kwa sababu wewe hukudhurika. Wewe uliyeandikiwa na daktari, usikubali kuambiwa mili. Uliza mili gani, uonyeshwe mstari kwa kidole, uliza mpaka wakuchoke. Na wewe mwenye kujua kidogo kama mimi, mtu akikupigia kukuuliza, kata hiyo simu nyingine umsikilize.

Jambo likishaharibika, sema. Sema palepale, mbele ya daktari, hata kama sauti inatetemeka. Kazi ningepata nyingine. Makaratasi, sijui, labda yangekataliwa, ningerudi Tanzania na aibu yangu nikaishi. Lakini usikubali kumsemea mgonjwa kama una jambo lako la kuficha. Mwache azungumze na mkalimani wa hospitali, wewe ukae nje. Mimi niliingia, na mpaka leo kwenye karatasi za hospitali ile imeandikwa kwamba Mama Zawadi aliulizwa, na Mama Zawadi alikana.